Kupiga Kambi Ziwa Chala: Mambo ya Kujua Kabla ya Kukodi Basi

Kila inapokaribia likizo ya Juni au ya Desemba, kamati za parokia hutuandikia zikiomba mchango wa kambi za vijana, na jina linalojirudia katika barua hizo ni Ziwa Chala. Sababu tunaielewa. Ziwa liko karibu, mandhari yake ni ya kupendeza, na gharama ya kulala pale siku mbili ni ndogo ukilinganisha na kupandisha kundi Mlima Kilimanjaro, ambako kuna viingilio, waongozaji na wapagazi wa kulipwa. Upande wa pili, baadhi ya wahisani wetu wameuliza kwa nini fedha za maendeleo ziende kwenye mapumziko. Katika makala hii tunapenda kueleza ziwa lenyewe lilivyo, kwa kuwa tumeona kwamba maswali yote mawili, la kamati na la wahisani, yanajibiwa vizuri zaidi na mtu anayelijua ziwa kuliko na mtu aliyeona picha yake tu.

Chala ni ziwa la kreta. Lipo mashariki ya mlima, katika Wilaya ya Rombo, kwenye mwinuko wa mita 880 hivi kutoka usawa wa bahari, na mpaka wa Tanzania na Kenya unapita katikati ya maji yake. Kutoka Moshi unafuata barabara ya Dar es Salaam hadi Himo, unashika ya Holili, na kabla ya kufika mpakani unaingia kushoto kwenye barabara ya vumbi. Kwa basi dogo aina ya Kosta safari haizidi saa mbili, isipokuwa wakati wa masika, ambapo kipande kile cha vumbi hugeuka tope na dereva mwenye busara hakubali kukipita usiku.

Ukifika, hulioni ziwa. Unaona kilima cha vichaka na mawe, kisicho na dalili yoyote ya maji. Ni mpaka upande hadi ukingoni ndipo ziwa linapojitokeza chini kabisa, la buluu au la kijani kutegemea msimu, limezungukwa na kuta za mwamba ambazo mahali pengine zinazidi mita 100 kwenda juu. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 4 tu, lakini kina chake kinapita mita 90. Kwa maneno mengine, majengo marefu ya Moshi mjini yangezama humo yakapotea. Tunaomba msomaji akumbuke takwimu hiyo, maana karibu kila jambo tutakaloeleza hapa linatokana nayo.

Wahisani wetu walioko Marekani wanaposikia habari ya kambi kando ya ziwa, fikra zao huenda moja kwa moja kwenye hifadhi za majimbo yao. Huko mgeni hukuta lango na mlinzi, hupewa ramani, huonyeshwa kiwanja chake cha hema chenye namba, na sehemu ya kuogelea huwa imezungushiwa maboya. Choo kipo, maji ya bomba yapo, na ubao wa matangazo humweleza mgeni ni wanyama gani anaoweza kukutana nao. Hata hapa kwetu, anayelala ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro hupitia utaratibu wa namna hiyo. Huandikishwa langoni, hupanda na mwongozaji mwenye leseni, na hulala katika kambi zilizotengwa, kama Shira, Barranco au Barafu kwa wanaopitia njia ya Machame.

Chala haimo katika orodha ya hifadhi za taifa. Upande wa Tanzania wapo wenyeji wa biashara ya utalii wanaopokea wageni na mahema ukingoni, na huduma yao ni msaada mkubwa, lakini hakuna askari wa hifadhi atakayesimama kando ya maji kuwahesabu watoto wako. Kazi ile inayofanywa na hifadhi mahali pengine, pale hufanywa na aliyewapeleka watoto, yaani kamati. Hili ndilo jambo ambalo barua nyingi za maombi hazionyeshi kuwa limefikiriwa. Tumesoma bajeti zenye mchele, nyama, soda, fulana na hata kipaza sauti, zisizo na hata mita moja ya kamba.

Tuanze na maji yenyewe. Watu wengi husema kwamba Chala hujazwa na theluji ya Kibo inayoyeyuka. Maelezo hayo yanavutia, ila si sahihi. Mvua inayonyesha ziwani penyewe ni kama milimita 600 kwa mwaka, na jua na upepo hukausha karibu mara tatu ya kiasi hicho. Hakuna mto wa kudumu unaoingia. Ziwa lingekwisha zamani kama lisingepokea maji kutoka chini ya ardhi, na wataalamu waliopima maji hayo wameonyesha kwamba sehemu kubwa ni mvua iliyonyesha katika ukanda wa msitu wa Kilimanjaro, ikazama ardhini, ikasafiri ndani ya miamba ya volkano mpaka ikatokeza humo. Vilevile hakuna mto unaoonekana kutoka. Maji huondoka kwa njia hiyohiyo ya chini kwa chini.

Kwa wanakamati wa Rombo, Marangu, Kilema na Kibosho habari hii ina maana yake. Msitu ule, ambao mwaka 2005 uliingizwa ndani ya mipaka ya hifadhi ya taifa, ndio paa linalokusanya maji ya Chala. Mti unaokatwa juu kwa ajili ya mkaa unahusu kiwango cha ziwa chini, hata kama aliyeukata hajawahi kufika huko. Tumeona kwamba vijana huelewa somo hili kwa dakika kumi wakiwa wamekaa ukingoni, siku isiyo na mawingu, mlima uko mbele yao na maji yako miguuni, wakati darasani huchukua muhula mzima na bado likabaki maneno ya daftari.

Kuna jingine la kuwaeleza vijana, nalo huwafurahisha sana. Kwa kuwa ziwa ni refu na chini kabisa hakuna hewa ya oksijeni, matope yanayotua sakafuni hayavurugwi na mdudu wala samaki. Kila mwaka hutua tabaka jembamba jeupe na jingine jeusi, kufuatana na majira ya upepo na ya mvua, na matabaka hayo yamekaa kama kurasa za kitabu. Mwaka 2016 watafiti wa kimataifa walichimba sakafu ya ziwa na kutoa matope kutoka kina cha zaidi ya mita 200 chini yake, yenye kumbukumbu ya hali ya hewa ya takribani miaka 250,000. Ukame uliopata kuikumba nchi hii kabla hajawepo mtu wa kuusimulia umeandikwa humo. Ziwa lina samaki wake pia, aina ya perege ambaye asili yake ni Chala peke yake duniani, na sasa yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka baada ya perege wa aina nyingine kuingizwa ziwani.

Sasa tuje kwenye kuogelea, ambako ndiko tunakotaka kukaa zaidi.

Ziwa la kreta halina ufuko. Katika maziwa mengine mtoto huingia maji yakamfika kifundoni, kisha magotini, kisha kiunoni, na akiogopa hurudi. Chala ni ukuta ulioendelea chini ya maji. Hatua mbili kutoka jiwe ulilosimama, huenda hakuna kitu cha kukanyaga. Mawe ya pembeni yana utelezi, na anayetumbukia hana mahali pa kushika. Aidha, watoto wetu wa migombani hawajui kuogelea. Tusione haya kulisema. Wamekulia kando ya mfongo, ambao maji yake hayapiti magoti, na bwawa la kuogelea wameliona hotelini kwa mbali. Kijana wa miaka kumi na sita anayebeba gunia bila shida, majini ni sawa na mtoto mchanga, na ujasiri wake humwongezea hatari badala ya kumpunguzia.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani kote, karibu nusu yao wakiwa na umri chini ya miaka 29. Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 25 Julai kila mwaka kuwa siku ya kuzuia vifo hivi. Wengi waliokufa hawakuwa baharini wala katika meli. Walikuwa katika mito, mabwawa na maziwa ya karibu na nyumbani kwao, mahali walipopazoea.

Halafu kuna mamba. Machi 2002 msichana wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 18 aliuawa na mamba akiogelea na wenzake katika ziwa hili, upande wa Kenya. Tangu hapo msomaji atasikia maneno ya kila namna: kwamba mamba waliondolewa, kwamba hawakuwahi kuwa wengi, kwamba yule alikuwa wa mwisho. Anayeyasema hayo hana njia ya kuyathibitisha katika maji yenye kina cha mita 90 na mapango ya mwamba pembeni. Msimamo wetu ni mwepesi kueleza: kambi ya vijana inayopata mchango kupitia ofisi hii haiogelei Chala. Wapo watakaotuona tumezidisha woga, kwani watalii wapo wanaoogelea na kupanda kayaki, na wengi hurudi salama. Mtalii mmoja mtu mzima huamua juu ya maisha yake. Kamati huamua juu ya maisha ya watoto wa watu arobaini.

Hata kundi lisiloogelea linaweza kupata ajali, kwa kuwa vijana watashuka kuona maji, na ni haki yao kuyaona. Njia ya kushuka kutoka ukingoni ni kali. Washuke kwa makundi madogo, kila kundi na watu wazima wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, na wahesabiwe wanaposhuka na wanapopanda. Mwenyeji wa kijiji anayeijua njia alipwe ili aongoze. Apewe malipo ya haki kupitia utaratibu wa kijiji na stakabadhi ichukuliwe. Mtu akivunjika mguu kule chini, atabebwa na watu juu ya mawe hadi ukingoni, kisha apelekwe Hospitali ya Huruma hukohuko Rombo, au KCMC hapa Moshi ikiwa hali ni mbaya. Kwa hiyo gari lililoleta kundi lisirudi Moshi kutafuta abiria wengine. Libaki, na dereva asinywe.

Endapo mtu atatumbukia, kosa linaloua watu wengi zaidi ni la yule anayejirusha kumfuata. Anayezama hushika chochote, na akikushika shingo mtazama wote. Mrushie kitu. Dumu tupu la mafuta la lita 5 au 10, lililofungwa kizibo vizuri na kufungiwa kamba ya mita 20, ni boya zuri kuliko mengi ya dukani, na kila nyumba inalo. Tia maji kidogo sana ndani ili liwe na uzito wa kurushika. Kamati iwe na madumu matatu ya namna hiyo na wasimamizi wafanye mazoezi ya kurusha uwanjani kabla ya safari. Mazoezi hayo yenyewe ni mchezo ambao vijana hawatauchoka.

Aliyetolewa majini asipumue, asining'inizwe miguu juu kichwa chini, wala asibingirishwe juu ya pipa, ingawa tumesikia bado yanafanyika. Muda unaopotea hapo ndio uhai wake. Alazwe chali, kichwa kiinamishwe nyuma, apulizwe pumzi mdomoni mara tano pua ikiwa imebanwa, kisha kifua kigandamizwe kwa nguvu mara thelathini, apulizwe mara mbili, na kuendelea hivyo bila kukoma hadi apumue au mganga afike. Chama cha Msalaba Mwekundu hufundisha stadi hizi, na kila kambi iwe na watu wawili angalau waliofundishwa kwa mikono yao. Kusoma makala hii hakutoshi.

Kuhusu mahema tutasema kwa ufupi. Yasimikwe mbali na ukingo, milango ielekee kambini, na mpaka wa usiku uwekwe kwa kamba yenye vitambaa vyeupe ili anayeamka kwenda chooni asipotee upande wa shimo. Mwezi wa Juni na Julai upepo ni mkali na usiku una baridi kuliko watu wanavyotegemea mahali pa joto kama pale. Sabuni isitumike ziwani. Taka zote zirudi Moshi na gari, kwa sababu ziwa lisilo na mto wa kutoka halina pa kuzisukumia.

Tembo wanahitaji maelezo zaidi. Nyanda za chini za Rombo zimepakana na eneo la Tsavo Magharibi, na tembo huvuka mpaka bila hati, wakifuata maji na mashamba. Wakulima wa vijiji vile wameshapoteza mahindi mengi, na wengine wamepoteza ndugu. Kwa hiyo kabla ya kwenda, kamati iulize ofisi ya kijiji au afisa wanyamapori wa wilaya kama tembo wameonekana wiki hiyo. Ndizi, mahindi na matunda yasilale ndani ya hema hata moja. Vyakula vikae ndani ya gari. Anayetoka usiku asitoke peke yake, na tembo akionekana, hakuna picha: ni kurudi nyuma kimyakimya na kumwamsha mwenyeji.

Jambo linalosahaulika kabisa ni malaria. Mtoto aliyekulia Kibosho ya juu au Machame ya juu haumwi na mbu wa malaria mara kwa mara, kwa sababu ya baridi, na kwa hiyo mwili wake haujajijengea kinga kama ya mtoto wa Kahe. Akilala usiku mmoja nyanda za chini bila chandarua, ugonjwa ukimpata huweza kuwa mkali. Na hautamkuta kambini. Homa huanza siku ya saba au ya kumi, pengine baada ya mwezi, wakati mama hakumbuki tena safari. Kila mzazi apewe kikaratasi kinachosema mtoto alilala Chala tarehe fulani, na kwamba homa yoyote katika wiki nne zinazofuata ipimwe damu siku hiyohiyo.

Mpaka nao una sheria zake. Mstari uliokubaliwa na Waingereza na Wajerumani tangu mwaka 1886 ndio asili ya mpaka huu, na hauonekani kwa macho. Mashua inaweza kuwa Kenya bila aliyemo kujua. Kundi linalotaka kwenda Taveta lipite kituo cha Holili na nyaraka zake kama wasafiri wengine. Kwa wapenda historia, vilima hivi ndivyo walikopita wanajeshi wa Jenerali Smuts Machi 1916 wakiwazunguka Wajerumani, na siku chache baadaye Moshi ikaanguka mikononi mwao.

Tunarudi kwa wahisani. Kihamba kimegawanywa kwa wana na wajukuu mpaka hakuna pa kuchezea mpira. Kijana wa mlimani anayemaliza kidato cha nne anaweza kuwa hajawahi kulala nje ya kitongoji chake, wala kuuona mlima anaoishi juu yake kwa ukamilifu, maana aliye juu ya mlima hauoni. Akiwa Chala anauona wote, na anayaona maji yake. Hilo tunaamini linastahili fedha. Lisilostahili ni kambi ambayo watu wazima wanne wanasimamia vijana themanini kwa sababu nauli ya wasimamizi ilikatwa ili fulana zitoshe. Kuanzia sasa tutaangalia kwanza idadi ya wasimamizi, na uwiano tunaoutaka ni mtu mzima mmoja kwa vijana wanane. Kamba, madumu, vyandarua na mafuta ya gari la akiba viwe mistari ya juu katika bajeti. Fulana tutazisoma mwisho.

Kamati zinazokusudia kwenda likizo ya Juni zilete maombi kabla ya mwisho wa Aprili, pamoja na majina ya wasimamizi wote, majina ya wawili waliopata mafunzo ya huduma ya kwanza, na barua ya idhini ya kila mzazi ikiwa na sahihi. Barua hizo zitaje wazi kwamba watoto hawataogelea, ili mzazi ajue na mtoto ajue kwamba mzazi anajua.